Wanyama Kwanza au Adamu Kwanza

Jumatatu, 3 Juni
Kiongozi wa darasa la Biblia amehama mji. Kiti kiko wazi! Kura ni Jumapili, baada ya ibada. Nani anastahili kama si mimi, fundi cherehani, ninayeshona majoho ya kwaya miaka nenda rudi bila asante? Nakitaka kiti hicho mpaka usingizi umenipaa. Kikwazo ni kimoja: mwalimu wa baiolojia. Anadai Mungu huenda alimuumba mtu polepole, kupitia viumbe vilivyotangulia, na kwamba hilo halimpunguzii imani. Halimpunguzii! Nimemwita Mjukuu wa Nyani. Akitaka ukoo huo, shauri yake.

Jumanne, 4 Juni
Dawa yake nimeipata. Igizo la uumbaji, waigizaji watoto wa kanisani, siku ileile ya kura. Mwanzo sura ya kwanza na ya pili, hatua kwa hatua, bila kuongeza wala kupunguza. Nyani nitampa mkia mrefu kuliko wote na kumweka mbali na Adamu, Mwalimu alione pengo. Mchungaji amekubali, ila akauliza kama nimezisoma sura zote mbili. Ananiuliza mimi! Nimeanza mikia. Wa simba umetokana na pindo la pazia letu la sebuleni. Mama watoto hajagundua.

Alhamisi, 6 Juni
Mama watoto amegundua. Tuyaache hayo.
Mazoezi. Sura ya kwanza ilikwenda vizuri: wanyama wakaingia, kisha Adamu. Sura ya pili, balaa. Adamu yuko kwanza, peke yake, ndipo wanyama wanaumbwa! Na wangu wameshajaa jukwaani. Twiga akauliza atoke au akae. Mama yake akasema mwanawe si kiti cha kusogezwasogezwa.
Mwalimu alikuwa nyuma anapanga mabenchi. Akaniambia kwa upole kwamba Wakristo wengi huona sura hizo zinasimulia ukweli mmoja kwa njia mbili, kwamba Mungu ndiye muumba, wala si ratiba ya kazi. Nikamjibu kwamba ushauri wa nyani upelekwe porini. Ukweli ni kwamba niliona wivu. Jibu lilikuwa zuri, na halikuwa langu.

Jumamosi, 8 Juni
Akili ni mali! Sura ya kwanza ikiisha, wote watatoka kwa mlango wa pembeni. Adamu atarudi kwanza, wanyama baadaye, kana kwamba ndiyo kwanza wanaumbwa. Nani atajua?

Jumapili, 9 Juni
Aibu! Walitoka vizuri. Nje, Adamu akaona kanisa lilivyojaa, akajifungia chooni. Msomaji wetu wa Maandiko alikuwa ameshafika pale mtu anapovuviwa pumzi. Jukwaa tupu. Mchungaji anakohoa. Nikamshika mtoto aliyekuwa karibu, nikamsukuma ndani. Nilipomtazama vizuri nikaona ni Nyani. Nikamkimbilia, nikamng'oa mkia mbele ya waumini wote, nikatangaza kwa sauti kuu kwamba huyu sasa ni mtu.
Kanisa zima likaangua kicheko. Mjukuu wa Nyani alipiga makofi mpaka akatoa leso kufuta machozi. Mzee mmoja aliniambia hajawahi kuelewa hoja ya Mwalimu, lakini leo ameielewa.
Kura: Mwalimu. Ni mkono wangu tu ambao haukunyooshwa kwa ajili yake. Wa mama watoto ulikuwa wa kwanza kupanda. Nimeumia sana, na uji nimekataa.

Jumatatu, 10 Juni
Kosa nimelijua. Lilikuwa la yule Adamu. Mtoto mwoga!
Sasa ni safina ya Nuhu. Hapo hakuna utata: wanyama wawiliwawili, ndivyo sura ya sita inavyosema. Mama watoto, bila hata kuinua macho kwenye mchele anaochambua, ameniambia nisome na sura ya saba, kuna wengine wanaingia sabasaba. Ya nini? Mikia nimeshaikata, miwilimiwili. Pazia la chumbani lilikuwa na pindo zuri zaidi.