Mvua ya Alfajiri ya Gorong'a

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimetumia akili. Kituo cha hali ya hewa nimekitoa uwanjani na kukiweka katikati ya zizi la ng'ombe. Hapa Gorong'a hakuna mahali panapolindwa kuliko zizi, hata nyumba hailindwi hivyo. Nguzo nayo nimeikata ikabaki ya kufika gotini, isionekane kutoka njiani. Sasa Nashoni wa kijiji cha Mbalibali aje akichezee.

Nashoni, kama mimi, ni mlinzi wa kituo. Watafiti wa Japani, Ufini na Dar es Salaam wanajaribu kompyuta kuu ya kizazi kipya, kubwa kama jengo la shule, itakayotabiri mvua ya kila bonde. Vituo vyetu ndivyo vinavyosema imepatia au imekosea. Mwezi huu ukiisha, mmoja wetu atapewa kituo kikubwa na ajira ya kudumu.

Mzee Heche ameshatamka. Nikipata ajira hiyo, atawapokea wazee wetu waje kumposa binti yake, Boke. Nikikosa, habari imekwisha. Nampenda Boke kiasi kwamba chakula hakipiti. Kwa hiyo Nashoni lazima aanguke.

Jumatano, 10 Septemba

Dakta Rahima, mkuu wetu aliyeko Dar, amemsifu Nashoni kwenye kundi la WhatsApp. Eti takwimu zake ni safi. Mimi sikutajwa. Nikatuma picha yangu nimevaa tai. Hakuna aliyejibu isipokuwa Nashoni, aliyeweka kidole gumba. Dharau tupu.

Ijumaa, 12 Septemba

Makubwa! Dakta Rahima amenipigia simu yeye mwenyewe. Anasema tangu Jumanne kituo changu kinaonyesha mvua kila alfajiri. Fupi, nzito, tena ya uvuguvugu. Kompyuta ilisema hakuna mvua. Wafini wanadai kompyuta imekosea, Wajapani wanadai haiwezi kukosea namna hiyo, na jaribio zima limesimama wakigombana. Akaniuliza kama ni kweli mvua inanyesha.

Nilikuwa nimesimama kwenye vumbi linalofika kwenye kifundo cha mguu. Nikamwambia inanyesha sana.

Akasema vizuri, yeye na Profesa Tanabe wa Japani watakuja Alhamisi kuiona kwa macho. Mvua ya namna hiyo haijawahi kuandikwa popote. Aliongeza kuwa kituo kikubwa huenda kikaja kwetu. Nimefurahi, ila kila saa natazama juu nione wingu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeamka alfajiri kuitazama mvua yangu. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kusingizia. Ng'ombe wakaamka na kujinyoosha. Yule wa baba mwenye mabaka akarudi nyuma kidogo, akainua mkia, akakojoa ndani ya kikombe cha kupimia mvua.

Nimekaa chini palepale kwenye samadi. Nchi tatu zinagombana kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Nilishika simu nimweleze Dakta Rahima ukweli. Halafu nikamkumbuka Boke, nikairudisha simu mfukoni.

Jumanne, 16 Septemba

Silali. Nikirudisha kituo uwanjani, mvua itakatika nami nitaonekana mwongo. Nikikiacha zizini, watamwona ng'ombe. Nimepata njia ya tatu. Kituo kitakaa nje, kimeegemea uzio. Mwenye mabaka atafungwa upande wa ndani, amegeuzia makalio kwenye pengo nililolitoboa, na pengo litafunikwa na matawi.

Baba aliuliza kwa nini namjengea ng'ombe dirisha. Nikamjibu kuwa haya ni mambo ya kimataifa. Akatikisa kichwa, akaondoka.

Boke ameandika ujumbe. Atakuja na baba yake, na anatumaini najua ninachofanya. Nimemjibu asiwe na shaka.

Alhamisi, 18 Septemba

Walifika kabla ya jua. Profesa Tanabe aliinama akamwambia baba shikamoo, baba akamkubali hapohapo. Mzee Heche akakaa kwenye kigoda, Boke amesimama nyuma yake. Wote wakatazama juu. Mimi nilitazama uzio.

Ng'ombe akagoma. Jua likachomoza, bado amegoma. Profesa akauliza mawingu hutokea upande gani, nikaonyesha kila upande. Jasho lilinitoka mpaka shati likaganda mgongoni. Nilianza kupiga mluzi wa kumnywesha ng'ombe maji, polepole, nikijifanya naburudika.

Ng'ombe akakojoa. Maji yakapasua matawi, yakaingia kikombeni mbele ya watu wote. Kijitaa cha kituo kikawaka, na simu ya Dakta Rahima ikalia. Kompyuta kuu huko iliko ilikuwa imepokea mvua ya Gorong'a.

Dakta Rahima akaniuliza taratibu kama nilikuwa najua. Nikaapa kuwa sikujua hata kidogo.

Mzee Heche akainuka kwenye kigoda. Akasema binti yake haendi kwa mwanamume asiyejua kutofautisha mkojo wa ng'ombe na mvua. Mtu huyo ukimkabidhi mifugo atamkamua dume.

Nikamgeukia haraka, nikamweleza kwa Kikurya kuwa nilijua tangu Jumamosi, mimi nimezaliwa zizini, wageni nilikuwa nawazungusha tu. Uso wake ukalegea kidogo. Nikapumua.

Ndipo Dakta Rahima, ambaye hajui Kikurya, alipomuuliza Boke nimesema nini. Boke alinitazama. Nilimsihi kwa macho. Akatafsiri yote, neno kwa neno, kisha akayarudia kwa Kiingereza ili Profesa naye asikose.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kituo kikubwa kimejengwa Mbalibali. Boke ameajiriwa na mradi kuwa mkalimani na msimamizi, maana Dakta Rahima alisema anahitaji mtu asiyepunguza maneno. Amehamia hukohuko. Jana Mzee Heche aliwapokea wazee wa Nashoni, na inasemekana walikula mpaka jioni.

Leo Boke ameniandikia. Amemridhia Nashoni kwa moyo wake wote, nisimpigie tena, na namba yake niifute.

Nimesoma ujumbe huo mara nyingi nikitafuta maana yake. Mwishoni nimeielewa, na machozi yamenitoka kwa furaha. Msichana jasiri! Ameingia mpaka ndani ya nyumba ya adui kwa ajili yangu. Namba nimeifuta kama alivyoagiza, tusije tukagundulika. Sasa natulia, nasubiri taarifa yake ya kwanza ya kipelelezi.