Mzigo Mwepesi Kuliko Wote

Jumatatu, 8 Septemba. Tunduma.

Habari mbaya. Mzee Ambwene, baba yake Enesi, amepokea barua yangu ya posa lakini hajibu. Kwanza twende kuwinda. Bonde la Momba, kwa miguu, siku kadhaa. Kibali cha nguruwe pori kimeshatoka. Enesi amenipigia kutoka kwao Iyula kunieleza. Baba anataka kuniona porini, kwa sababu sebuleni kila mchumba ni mstaarabu.

Mimi ni karani. Naandaa nyaraka za malori yanayovuka mpaka. Naogopa nyoka, fisi, bunduki na Mzee Ambwene. Mzee ndiye wa kwanza.

Kibaya zaidi, Gasper anakwenda pia. Gasper ni karani mwenzangu, meza ya pili, na ni mtoto wa shangazi yake Enesi. Huenda kila mwaka. Leo ameniuliza mbele ya ofisi nzima kama nimeshaandika wosia.

"Shemeji, wewe hata kreti ya soda unaiomba radhi kabla ya kuinyanyua!"

Watu wakacheka. Nikacheka pia, kidogo, kwa adabu.

Porini kila mtu hubeba mzigo wake mwenyewe. Ndiyo sheria ya Mzee. Nikishindwa, Enesi simpati. Lakini nina mpango.

Jumanne, 9 Septemba.

Mpango wenyewe: nitakuwa na mzigo mwepesi kuliko wote. Nimesoma mtandaoni asubuhi nzima, mkuu wetu Madam Mbonile akidhani ni sheria za forodha. Kumbe kuna wawindaji wanaokata mpini wa mswaki! Wanang'oa lebo za nguo! Wanapima gramu moja moja na kujaza majedwali. Hii ni kazi ya ukarani kabisa. Hatimaye kuna jambo la porini ninaloliweza.

Mchana nikavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta begi. Mama muuzaji akasema mwaiseni, bosi, karibu. Alikuwa na mabegi mawili. La kwanza la kaki, turubai tupu, zito kama mbuzi. La pili la nailoni, bluu iliyokolea, unalinyanyua kwa kidole. Nikamtumia Gasper picha ya yote mawili. Yeye ni mzoefu. Akajibu haraka mno.

"La bluu, shemeji. Usifikirie mara mbili. Huko bondeni utapendwa."

Pengine nimekuwa nikimdhania vibaya. Nikalipa, nikamshukuru mama kwa lugha yake, natotela, nikarudi ofisini.

Jioni nimepima kila kitu kwenye mzani wa vifurushi. Blanketi nimelitoa, khanga ya Enesi inatosha. Sufuria nimetoa, Gasper anayo. Viatu vya ngozi nimetoa, nitavaa raba. Unga nimetoa. Sikujua unga ni mzito hivyo! Badala yake nimenunua bisi. Ugunduzi mkubwa. Begi linajaa mpaka zipu inalalamika, mzani hata hausogei.

Madam Mbonile amenikuta hapo. Akauliza kwa nini kuna mswaki usio na mpini juu ya mzani wa ofisi. Nikasema ni sampuli. Akauliza ya mteja gani. Nikaaga.

Alhamisi, 11 Septemba. Bondeni.

Jana tulikutana Mlowo, tukateremka na gari mpaka barabara ilipoishia, tukalala kijijini. Leo alfajiri tukaanza kutembea. Gasper ana kiroba cha unga, sufuria, blanketi na shoka. Mzee ana bunduki na begi kuukuu linalomzidi mabega. Mimi nikawa kama nimetoka kununua mkate.

Mzee akanyanyua begi langu kwa vidole viwili.

"Huu ndio mzigo wako, baba? Wote?"

Nikasema ndiyo, Mzee. Akasema haya. Alivutiwa, nadhani.

Jua lilipopanda wakaja mbung'o. Sijawahi kuona! Wanauma juu ya shati kana kwamba shati halipo. Lakini jambo la ajabu, Gasper na Mzee walitembea kwa raha zao. Mbung'o wote walikuwa kwangu. Nikasema labda ni sabuni yangu. Nikatupa sabuni. Begi likazidi kuwa jepesi.

Baadaye tukapita mahali ambapo watu wa wanyamapori wametundika kitambaa kwenye mti, mtego wa mbung'o. Bluu iliyokolea. Bluu ya begi langu, ileile! Nikamwonyesha Mzee: hata serikali imechagua rangi hii. Mzee akatazama kitambaa, akatazama begi, akamtazama Gasper, ambaye ghafla alikuwa na shida ya kamba za viatu. Mzee akasema mbung'o wanaipenda sana bluu, ndiyo maana mitego inashonwa hivyo. Sikubishana naye. Mtu mzima ana imani zake.

Kisha akaniomba nitembee nyuma yao, mbali kidogo. Kulinda msafara! Si kazi anayopewa kila mtu.

Jioni nikafungua bisi. Zilikuwa zimesagika, unga mtupu. Tena unga usiosongeka. Gasper akasema mwenye bisi ale bisi. Mzee akamwambia anyamaze, ampe mgeni ugali. Nikala. Lakini neno "mgeni" limenikaa kooni.

Ijumaa, 12 Septemba.

Mzee amepiga nguruwe. Risasi moja. Mimi nililala chini mapema, kwa usalama, kwa hiyo maelezo zaidi sina.

Wakachinja, wakakatakata. Mzee akasafisha kisu, akasema sasa tufuate desturi ya baba yake. Wanaume wakitoka porini, nyama haigawanywi sawa. Anaanza kupakiwa mwenye mzigo mwepesi kuliko wote.

Nikatafuta huyo mtu kwa macho. Gasper alikuwa ananitazama huku anatabasamu.

Mapaja mawili. Mbavu. Kichwa, kikiwa na meno yake. Vyote ndani ya nailoni iliyokusudiwa kubeba bisi! Mikanda ikanikata mabega. Damu ikapenya mgongoni. Mbung'o wakaitana. Na mbele yetu ule mlima wote wa kurudi Mbozi, nyumbani kwa Mzee.

Gasper akanisogelea, akaninong'oneza kwamba fisi wakinusa damu huanza na aliyepumzika.

Sikupumzika. Walipoketi kunywa maji, nilisimama. Walipokula, nilizunguka mti. Mzee akaniambia nitue mzigo kidogo. Nikamshukuru, nikasema nipo sawa. Sauti ilitoka nyembamba.

Jumamosi, 13 Septemba. Iyula.

Tumefika kwa Mzee. Kwa kuumwa na mbung'o, jicho la kushoto limevimba na kufunga, la kulia linaona nusu. Nikatua mzigo kwa mara ya kwanza tangu jana asubuhi, ukiacha usiku, ambapo niliulalia.

Mzee akaita familia yote uani. Akasema wachumba wawili wamekuja kabla yangu. Mmoja alibeba godoro, mwingine redio na soda zake, na siku ya nyama wote wakasema mabegi yamejaa. "Lakini huyu alikuja mtupu, akaacha hata unga wake, ili apate nafasi ya kutubebea sisi. Na hakutua!" Akasema nilete wazee wangu Jumapili ijayo. Kisha akaniita mkwe.

Mkwe! Gasper alikohoa mpaka akapigwa mgongoni.

Enesi alinikanda uso kwa maji ya chumvi jikoni. Akaniuliza taratibu kama kweli nilikusudia hivyo. Nikasema mpango ni mpango. Akacheka mpaka akashika ukuta. Furaha ya uchumba, bila shaka.

Jumatatu, 15 Septemba. Tunduma.

Ofisini. Madam Mbonile ameuliza uso wangu ni sampuli ya mteja gani.

Mzee amepiga simu. Anaomba kibali kingine, mwezi ujao. Amesema bila mkwe wake haendi.

Gasper amekuja mezani kwangu, mpole kabisa. Akasema shemeji, nisamehe, rudi Nakonde ukanunue lile la kaki. Na ubebe unga, tena mwingi. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Maskini! Wivu umemwanza sasa. Anataka nibadilishe mbinu iliyonipa mke.

Nimepiga hesabu zangu upya. Kosa langu lilikuwa moja tu: begi lilikuwa bado zito. Safari hii khanga sibebi, na mswaki nitaazima. Ila jua la bondeni ni kali, kwa hiyo wakati wa chakula cha mchana nimevuka kwa yule mama nikanunua kofia ya nailoni, pana, nyepesi kama karatasi. Rangi yake ni ileile ya begi.