Senti Kumi Kwenye Bati la Kalenga

Jumatatu, 18 Novemba 2024

Sarafu zangu zimetimia, isipokuwa moja. Senti kumi ya 1936, yenye jina la Mfalme Edward wa Nane. Alikiacha kiti kwa ajili ya mwanamke kabla hata hajavikwa taji. Shilingi ilihitaji picha ya kichwa chake, basi ya kwake haikutoka. Senti yenye tundu haina mahali pa kichwa. Jina lilitosha, ikaja huku kwetu. Nasri, mwenzangu wa Mbeya, anayo. Kila akipiga simu lazima aitaje. Kwa nini aitaje? Anataka nini?

Jumanne, 19 Novemba

Nimepata! Kalenga, jiko la nje la mjane mmoja, Mama Apolonia. Fundi wa zamani aliishiwa washa, vile visahani vya kuzibia tundu la msumari, akapitisha misumari ya bati kwenye senti zenye tundu. Nimejifanya nafunga kamba ya kiatu, nikahesabu arobaini na moja.

Nikisema ukweli atapandisha bei. Nimemwambia mimi ni fundi, nataka kumkarabatia paa bure kwa ajili ya Mungu. Akauliza Mungu yupi, maana amesikia naitwa Matano, jina la Kiislamu. Nikamjibu ni huyo huyo mmoja. Kanitazama sana. Yule mama ana shaka mno.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimeng'oa misumari yote. Ghafla mwenyekiti wa kijiji, Joachim, na wanaume wanne. Anasema mgeni anayepanda paa la mtu bure anatafuta mali iliyofichwa na Mjerumani. Wamepekua begi langu. Koleo, kioo cha kukuzia, senti arobaini na moja. Joachim akauliza ni fundi gani anayekagua washa kwa kioo. Siku hizi watu hawaaminiani kabisa, inasikitisha.

Mama Apolonia akasema mahindi yake ya mwaka mzima na mbegu vimo humo jikoni, na mvua iko karibu. Nirudishe bati kwanza, ndipo nikamatwe.

Nimezikagua zote mbele yao. George, George, George. Hakuna Edward hata mmoja.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimegongelea arobaini. Moja imenidondoka, ikaingia shimo la choo. Mama Apolonia ameniuliza kwa nini sikuomba tu, angenipa zote kwa kubadilishana na washa mpya. Eti angenipa! Huyu anaficha kitu.

Joachim ameniacha niende. Nyumbani Mlandege, mke wangu Saida amekwisha kumsimulia Nasri kila kitu kwenye simu. Wamecheka.

Jumapili, 24 Novemba

Kifurushi kimekuja kwa basi kutoka Mbeya. Ndani, senti kumi ya 1936, Edward. Nasri ameandika kwamba anazo tatu, nichukue hii tukae kwa amani.

Bure? Nimeing'ata. Nimeipima. Nimeigonga mezani, nikasikiliza mlio. Kila kitu kiko sawa. Hapo ndipo nilipojua ni ya bandia. Anayetaka kukuingiza mjini huhakikisha kila kitu kiko sawa.

Nimerudi Kalenga, mawingu mazito. Tundu moja lilibaki wazi, sawasawa juu ya gunia la mbegu. Nimepitisha msumari katikati ya zawadi ya Nasri, nikagongelea kwa nguvu, nikapaka lami. Saa tisa alasiri mvua imenyesha. Halikuvuja hata tone. Mama Apolonia amenipa mkono na kuku mzima.

Nimemtumia Nasri ujumbe wa shukrani, asijue kwamba nimemgundua. Kesho naenda Idodi kutafuta ya kweli.