Malalamiko ya Fundi Anayeingia Kwake kwa Dirisha

Kasenga, Uvira, tarehe 6 Mei 1964

Kwa Bwana Gratien,
Mwangalizi wa Duka la Vitabu na Michezo ya Nyumbani, Parokiani

Ndugu Mwangalizi,

Ninakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya nyumba yangu mwenyewe, huku kuku wakinidonoa vidole vya miguu. Kitandani siwezi kukaa, kimejaa vitambaa. Na meza ndiyo hasa habari ya barua hii. Kwa hiyo ukiona mwandiko wangu unapanda na kushuka, usiseme Déogratias ameanza pombe. Sema ni ndoo.

Unanifahamu. Mimi ndiye fundi cherehani wa njia ya sokoni, niliyekushonea ile suruali ya kaki unayoivaa hata Jumapili. Mwezi uliopita, shule ilipofungwa kwa sababu ya fujo za uwanda wa Ruzizi, watoto wangu wanne walibaki nyumbani wakipigana kama majogoo. Nikaja dukani kwako kwa nia njema, kutafuta kitabu cha kuwafundisha kazi za mikono: kusuka vikapu, kukunja karatasi, chochote chenye amani. Ukaniambia vimekwisha, na kile cha mwisho panya wamekila hadi ukurasa wa arobaini. Ndipo ukapanda ngazi, ukashusha sanduku lenye vumbi lililoachwa na familia moja ya Wazungu waliofunga virago mwaka wa uhuru, ukaniambia kwa kinywa chako: "Kamata hii, fundi. Iko inatulizaka watu mu nyumba." Nikalikamata. Suruali ikawa ndiyo malipo yako.

Ndani mlikuwa na vipande elfu moja vya mbao nyembamba, vilivyokatwa kwa makusudi na mtu mwenye akili timamu, ili mtu mwingine apate taabu ya kuviunganisha tena viwe picha ya jumba lenye minara, limefunikwa na theluji. Watoto walivichezea nusu saa, wakarudi kwenye vita vyao. Mambo yangeishia hapo. Lakini kwangu kulikuwa na mgeni: mama mzazi wa mke wangu Apolline, aliyekuja kwa miguu kutoka Runingu baada ya risasi kuanza kulia huko, akiwa na mkeka, jembe na kuku mmoja. Jina lake sitaliandika. Unajua desturi yetu, mkwe hatamki jina la mama mkwe, na mimi naona hata kalamu ni mdomo. Nitamwita Mama. Basi Mama alipita karibu na meza, akaokota kipande kimoja, akakigeuza, akakiweka. Kikaingia.

Tangu siku ile nina nyumba kwa jina tu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Juu ya sanduku pameandikwa kwa Kifaransa kwamba mchezo huu ni wa kuanzia miaka saba. Nimeligeuza pande zote sita, sikuona walipoandika umri wa kuishia. Chupa ya dawa ya kikohozi inakueleza nani asiinywe. Sanduku lako halikusema neno, na mtu mwenye wajukuu kumi na mmoja ameingia humo kama mtu aliyepewa kazi ya serikali.

2. Meza iliyokaliwa si meza ya kulia chakula. Ni meza yangu ya kukatia nguo. Seremala Firmin aliniundia ndani ya chumba, kwa mapenzi makubwa na bila kupima mlango, kwa hiyo haiwezi kutoka mpaka nyumba ibomolewe. Nina kanzu kumi na mbili za komunyo ya kwanza za kumaliza kabla ya Pentekoste. Nazikatia kitandani. Ndugu yangu, umewahi kukata kitambaa juu ya godoro la majani? Kanzu ya binti wa Ndihokubwayo ina mkono mmoja wa mtoto na mkono mwingine wa askofu. Wazazi wamelipa kwa mihogo, na mihogo tumeshakula. Nisipoipata meza yangu, watoto kumi na wawili watapokea sakramenti wakiwa wamevaa makosa yangu.

3. Hili linaniuma kuliko yote. Unajua kwetu mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawali wakitazamana, na wakikutana njiani mmoja wao huingia majanini. Nyumba yangu ina vyumba viwili. Cha mbele kina mlango na meza. Cha nyuma kina kitanda na dirisha. Zamani Mama alikuwa akikaa jikoni nje, mimi napita mlangoni kwangu kama mwanamume. Sasa anaamkia mezani, anashindia mezani, na usingizi ukimzidi anatandika mkeka wake chini ya meza hiyo hiyo, alinde vipande. Hakuna saa ambayo chumba kile hakina Mama. Kwa hiyo mimi, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, baba wa watoto wanne, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, naingia na kutoka kwangu kwa dirisha. Nimechana suruali mbili. Nazishona mwenyewe, bila faida.

4. (Lalamiko hili mke wangu amelisoma akaniomba nilifute. Nimelifuta.)

5. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake mwenyewe! Wiki mbili za kwanza, kila asubuhi alikuwa akifunga mzigo wake na kusema anarudi Runingu kupalilia karanga, kwamba karanga hazijui vita. Apolline analia, anaufungua mzigo, saa sita umeshafungwa tena. Nami nikawa najiambia, vumilia Déogratias, huyu ni mtu wa kuondoka. Tangu sanduku lilipofunguliwa, mzigo haujafungwa hata mara moja. Jembe linaning'inia ukutani linaota kutu. Sanduku lako ndilo lililomkalisha, na sanduku lako naomba liulizwe.

6. Majirani. Alianza Sidonie kutoka Nyamianda, aliyekuja kuazima chumvi akakaa siku tatu. Leo wako wanawake tisa. Na kwa kuwa tangu uhuru hatuwezi hata kuchimba choo bila komiti, wameunda komiti. Kuna rais, makamu wa rais wawili, katibu asiyejua kuandika, na mweka hazina ambaye hazina yake ni vipande vya rangi ya kijivu. Wiki mbili zilizopita walipasuka vyama viwili: chama cha Mnara, wanaotaka kumaliza juu kwanza, na chama cha Daraja, wanaosema hakuna anayefika mnarani bila kupita darajani. Walisusiana siku nzima. Mama akawapatanisha kwa sahani ya ndakala, dagaa wa ziwani, niliyokuwa nimewekewa mimi. Nilipoomba uanachama kupitia dirishani, nilijibiwa kwa heshima kwamba nimeteuliwa kuwa mshauri wa nje. Maana yake nakaa nje.

7. Kuku. Siku ya Alhamisi kilipotea kipande chenye nusu ya dirisha la jumba. Walisali kwa Mtakatifu Antoni mara tatu. Kisha rais wa komiti akatoa hoja kwamba kuku wa Mama alionekana chini ya meza akimeza kitu huku akijifanya hana habari. Kuku akafungwa mguu, akalindwa usiku na mchana, na kila alichotoa kikachunguzwa na watu wazima. Siku ya pili akachinjwa. Ndani hamkuwa na dirisha. Kipande kilionekana jioni ile ile, kimenata chini ya kiatu cha mtu nitakayemtaja hivi punde. Mimi kama mkwe niliheshimiwa, nikaletewa firigisi kwa dirisha. Firigisi ya asiye na hatia haishuki vizuri kooni.

8. Serikali. Ulidhani sanduku lako lingeishia kwa wanawake? Jumatatu ya wiki jana sajini mmoja wa askari waliopiga kambi karibu na sisi alipata habari kwamba katika nyumba fulani ya Kasenga watu wanakusanyika kila siku juu ya karatasi ya ngome, na kwamba kuna mwanamume anayepenyapenya madirishani. Katika siku hizi za waasi, hata mimi ningejishuku. Alinikuta nusu ndani, nusu nje, miguu ikiwa upande wake. Akaishika.

"Weye uko mwizi ao uko muasi?"

Nikamjibu kutoka ndani, maana kichwa kilikuwa ndani: "Minye niko mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba anapitaka mu dirisha?"

"Mama mukwe iko mu salo, mu chumba ya mbele."

Bwana Gratien, yule mtu ni wa mbali kabisa, wa mikoa ambayo mimi nimeisikia tu redioni. Lakini papo hapo nilijua ameelewa. Akasema polepole, "Aaa, mukwe," akaweka bunduki chini, akanishika nyayo zote mbili kwa adabu, akanisukuma ndani kama mkate tanuruni. Kisha akazunguka mlangoni kwenda kukagua hiyo ngome. Alikagua mpaka magharibi. Alipata kipande cha ncha ya mnara ambacho chama cha Mnara kilikuwa kikitafuta siku nne. Sasa anarudi kila siku saa kumi, anavua kofia, anaamkia, "Shikamoo Mama," anakaa kwenye kiti changu. Wanamwita Mheshimiwa. Kiatu kilikuwa chake.

9. Picha yenyewe ni ya uongo. Mama amelitazama jumba lile kwa siku nyingi na mimi nasikia maoni yake yote kupitia ukutani. Anasema nyumba kubwa namna ile isiyofuka moshi hata jikoni ni nyumba ambayo mgeni atalala njaa. Anauliza kwa nini katika madirisha sitini hakuna mtu hata mmoja anayechungulia, na milango yote imefungwa. Juzi nikasikia anamwambia Apolline, "Hawa nao walikimbia." Tangu hapo wanawake wakipachika dirisha wanalipiga kofi kidogo, kama mtu anayemfariji mtoto. Mimi sikununua huzuni, nilinunua mchezo wa watoto.

Kwa sababu hizo zote, Ndugu Mwangalizi, naomba kwa unyenyekevu na kwa hasira:

Kwanza, ufike mwenyewe kesho asubuhi pamoja na sanduku tupu, ufute meza yangu kwa mkono mmoja, vipande vyote vishukie ndani, uondoke navyo bila kuangalia nyuma. Najua utalaaniwa na wanawake tisa na sajini mmoja. Wewe ni mtu wa parokia, laana hazikukai.

Pili, ubandike dukani tangazo kwamba michezo ya vipande isiuzwe kwa mtu yeyote mwenye mama mkwe aliye hai, isipokuwa kama nyumba yake ina milango miwili.

Tatu, suruali baki nayo. Sitaki chochote ila meza yangu, mlango wangu, na haki ya kuvua viatu chumbani mwangu nikiwa nimesimama wima.

Usipofika, nitapanda ngazi ya juu zaidi. Nitamwandikia Padri Mkuu, na yeye akinyamaza nitamwandikia kamishna, na huyo akiwa amekimbia nitawaandikia hao watakaokuja baada yake, wawe nani wawe. Haki ya meza haina chama.

Msalimie mkeo Ernestine, na mama yako mzazi, ambaye nakuonea wivu kwamba ni wako na si wa mkeo. Msalimie Basile anayepiga kengele, mwambie kanzu yake ya mtumishi iko tayari ila kola. Wasalimie wanakwaya wa sauti ya nne, waniwekee nafasi yangu. Wasalimie hata panya wa dukani kwako. Wangeanza na sanduku badala ya vitabu, tungekuwa marafiki.

Ni mimi mteja wako niliyeonewa, ninayekuheshimu bado, kwa shida,

Déogratias
Fundi cherehani, Kasenga

Baada ya sahihi: Bwana Gratien, usije kesho. Nilikuwa nimeshakunja karatasi hii, nikasikia Mama anahesabu. Vimebaki vipande sitini. Amemwambia Apolline vitakwisha Jumamosi, na Jumatatu alfajiri anachukua jembe lake anarudi Runingu. Anasema mtu hawezi kukaa bure kwa watu wakati hana kazi. Leo mchana wamepita hapa watu wa bondeni na watoto mgongoni, nami nimewauliza habari za barabara. Mmoja amenitazama tu, akamkaza mtoto mgongoni, akaongeza mwendo. Yule mama ndiye aliyenipa mke bila kunisumbua kwa ng'ombe wa mwisho niliyeshindwa kumleta, na sitaki aende.

Kwa hiyo kama una sanduku jingine la Wazungu, lenye vipande elfu mbili au zaidi, lifunge kwa gazeti ulilete upesi. Chagua lenye mbingu nyingi, rangi moja inamchelewesha sana. Suruali nyingine nakushonea, na koti juu yake, na kanzu za komunyo nitazikatia kitandani, Mungu ataangalia mioyo. Kama huna, basi njoo Ijumaa saa kumi unywe chai na komiti, kaa karibu na meza, zungumza sana, na ukiondoka uondoke na vipande vitano mfukoni. Ningeviiba mwenyewe, lakini Mama yuko chumbani, na mimi ni mkwe wake.