Mkurugenzi Aunganisha Printa

Inatangazwa kwa wananchi wote, kwa wageni waliopo na kwa walio safarini, kwamba uchapaji wa holela umekwisha. Kuanzia sasa hakuna ofisi itakayomchapia mtu karatasi, na hakuna duka litakalothubutu. Kila hati itachapwa nyumbani, kwa printa isiyotumia waya, na hati iliyochapwa kwingineko itahesabiwa kuwa haijaandikwa kabisa.

Ndivyo ulivyoanza Waraka wa Uchapaji Majumbani. Aliyeuandika ni Mkurugenzi wa Idara ya Uunganishaji, na aliusoma redioni mwenyewe, taratibu, akipumua penye nukta. Mtaani kwake walimwita Bwana Utaratibu. Alijua, na alidhani ni sifa. Wiki ile ile maduka ya steshenari yalifungwa yote, watu wakabaki na hati zao kwenye simu wakizitazama tu kama picha za marehemu. Idara ikatoa taarifa kwamba malalamiko ya wananchi yamepungua mno. Na kweli yalipungua, kwa sababu lalamiko nalo lilitakiwa lije limechapwa.

Yeye mwenyewe nyumbani hakuwa na printa. Awe nayo ya nini? Ofisini alikuwa nazo tatu, kwa ajili ya kuandaa nyaraka za kukataza printa za ofisini.

Basi Alhamisi moja asubuhi, Waziri akamkumbuka mtu wake. Ujumbe uliingia kwenye simu ya Mkurugenzi akiwa mezani anakunywa chai: ameteuliwa kuwa Katibu Mkuu wa Wizara. Kiti kile alikuwa amekitamani miaka nenda miaka rudi, kwa siri kubwa, bila kumwambia mtu yeyote isipokuwa kila aliyekutana naye. Chai ilimpalia. Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo sana: aichape fomu ya kukubali uteuzi, nyumbani, aisaini, aipige picha na kuirudisha kabla ya saa kumi jioni. Asipoirudisha, kiti kinakwenda kwa Naibu wake, mtu mmoja mpole hivi, anayecheka hata kwenye misiba.

"Utachapa na nini?" mkewe akamuuliza. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na sebule ile ilikuwa nusu sebule, nusu karakana.

"Printa itanunuliwa."

"Na nani?"

"Na wahusika," alisema Mkurugenzi, akaenda kuinunua.

Kufika saa sita printa ilikuwa juu ya meza ya kukatia nguo, nyeupe pe, inanukia upya. Ilikuwa na kioo kidogo kama stempu na vitufe vya mishale. Ikawaka, ikanguruma, ikajinyoosha, kisha kwenye kioo kile ikauliza swali moja tu: nywila ya mtandao.

Hapa yafaa tueleze, maana asiyejua mambo ya usalama atadhani Mkurugenzi aliandika nywila na yakaisha. Wapi! Nyumba ya kiongozi haiendeshwi kiholela. Fundi alipokuja kufunga ruta aliunganisha simu na kompyuta zote, akaacha nywila kwenye kipande cha karatasi, ndefu kweli kweli, herufi kubwa kwa ndogo, namba, na alama ambazo hata wenyewe hawakujua zinaitwaje. Alipoondoka tu, Mkurugenzi aliitisha kikao, akapitisha Itifaki ya Usalama wa Kaya. Chini ya itifaki hiyo, hakuna mtu mmoja atakayeijua nywila yote. Alichukua mkasi wa mkewe akaikata karatasi vipande vitatu. Cha kwanza alikihifadhi kichwani yeye, cha kati mkewe, na cha mwisho mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao. Kisha vipande vyote vikachomwa jikoni mbele ya mashahidi, yaani wao wenyewe.

"Ya nini yote haya, mkwe?" mama mkwe aliuliza siku ile.

"Ili mmoja wetu akitekwa, Mama, adui apate theluthi tu."

"Anitekee wapi mimi na magoti haya? Labda aje na kitanda."

Sasa siku ya siku imefika. Mkurugenzi aliwatoa watu sebuleni, akafunga pazia, akaingiza sehemu yake kwa vile vimishale, herufi baada ya herufi, jasho likimtoka. Akatoka. Akamwita mkewe, mkewe akaingia peke yake, akaingiza yake, akatoka. Akaitwa mama mkwe, ambaye alikuwa uani anaanua nguo.

"Mama, tafadhali, mwendo wa dharura!"

"Mwendo wangu ndio huu huu. Wa dharura niliumaliza siku niliyomzaa mkeo."

Alipofika, kioo kilikuwa kimezima. Printa ile, ikiachwa bila kuguswa kidogo tu, ilisahau kila kitu ilichoambiwa, ikaanza upya kuuliza kama vile haijawahi kuwaona.

Wakarudia. Mara hii mama mkwe aliwekwa kwenye kiti, karibu na mlango, tayari tayari. Mkewe alipotoka, mama mkwe akaingia haraka kadiri alivyoweza, akainamia kioo, kisha akapaza sauti, "Mkwe! Ile alama yangu ya kwanza, ile iliyojikunja kama…"

"Usiitaje!" Mkurugenzi alipiga kelele kutoka uani, amejiziba masikio. "Mama, usiitaje, nipo karibu!"

"Nisipoitaja nitaiulizaje?"

"Iulize moyoni!"

Alipomaliza kuiuliza moyoni, kioo kilikuwa kimezima.

Mchana ukawa unakwenda. Mkewe alikuwa na gauni la mteja mezani, nusu limekatwa, na uvumilivu wake nao ulikuwa umefikia hapo hapo. "Hebu tuingie wote watatu," akasema. "Kila mtu aandike chake, mwenzake akiwa pembeni. Dakika moja tu, yameisha."

"Huo ni uvujaji."

"Unavujia wapi? Mimi nalala na wewe kitanda kimoja."

"Kitanda ni jambo la ndoa. Nywila ni jambo la kaya."

"Basi tufunge macho."

Mkurugenzi alilipima pendekezo hilo kwa kina, akaona lina mashiko, akaagiza vitambaa. Wakasimama wote watatu mbele ya printa, wawili wamefungwa macho, mmoja anaandika, halafu wanabadilishana kitambaa. Ilikwenda vizuri mpaka zamu ya mama mkwe, ambaye alipofunguliwa alisema haoni chochote bila miwani, na miwani alikuwa ameikalia.

Simu ikalia. Ni Naibu.

"Shikamoo, mkuu! Hongera sana. Nilikuwa nauliza tu kama fomu imesharudi."

"Mchakato unaendelea."

"Vizuri sana, mkuu. Usiharakishe. Mimi nipo tu hapa, sina haraka kabisa." Akacheka kidogo, akakata.

Mkurugenzi akakaa chini juu ya robota la vitambaa. Tusimfiche: aliogopa. Alikuwa amekwisha kujiona katika ofisi ile ya juu, yenye milango miwili, na zulia linalomeza viatu, na sasa alijiona akimwamkia Naibu. Machozi yalimlengalenga. Alimtazama mkewe kama mtoto aliyepotelewa na viatu shuleni.

Mkewe aliinuka. Alichomoa sindano kwenye mto wa sindano, akaenda kwenye ruta, akaichomeka katika kitundu cha nyuma alichowahi kumwona fundi akikichokonoa, akaishikilia. Taa zake zote zikazima. Zilipowaka tena ruta ilikuwa kama siku ilipotoka kiwandani: haina nywila, haina sehemu tatu, haina itifaki. Kioo cha printa kikaandika neno moja, na Mkurugenzi alilisoma kwa sauti.

"Imeunganishwa."

"Haya, chapa upesi," alisema mkewe. "Saa tisa imeshapita."

Hapo mtu wa kawaida angechapa. Lakini mradi wa kiserikali hauanzi kutumika kabla ya kuzinduliwa, na printa ya kwanza ya mwasisi wa Waraka si ya kuwashwa kienyeji. Mkurugenzi alivaa koti. Alichukua utepe mwekundu kwenye kikapu cha mkewe, akaufunga kuizunguka printa, akakohoa.

"Ndugu wananchi," aliwaambia mkewe na mama mkwe, "leo tunaandika historia."

"Andika fomu," alisema mkewe.

Aliwashukuru wadau. Aligusia changamoto. Alifika mahali pa kusema kwamba mtandao ulio wazi ni alama ya serikali iliyo wazi, na printa, kana kwamba imeguswa na maneno hayo, ikatoa karatasi. Mkurugenzi akatabasamu, akaukata utepe. Ikatoka nyingine. Akaichukua akaisoma. Ilikuwa maombi ya leseni ya saluni ya kinyozi wa jirani.

Tusimlaumu kinyozi. Miezi mizima simu yake ilikuwa ikitafuta printa kila siku haioni kitu, na leo, akiwa katikati ya kichwa cha mteja, imeona: Printa ya Mkurugenzi, iko wazi. Akabonyeza. Akamwambia mteja, ambaye naye alikuwa na barua ya uhamisho. Mteja akampigia dada yake, aliyekuwa akingojea kuchapa cheti cha kuzaliwa cha mwanawe aliyeshaanza kutembea. Habari za namna hii hazihitaji tangazo la redio. Punde watu wakawa wamejaa mlangoni, wanyenyekevu, wenye shukrani, wakipokezana karatasi za moto.

"Hodi hapa! Mungu akubariki, Mkurugenzi," alisema kinyozi, mashine ya kunyolea bado iko mkononi. "Sisi tulidhani hamtujali."

"Ondokeni! Hii ni printa binafsi! Kila mtu achape nyumbani!"

"Ndiyo, mzee. Si hapa ni nyumbani? Au mnaishi kwingine?"

Mkurugenzi alikimbilia kwenye simu yake, akaituma fomu. Kioo kikamjibu kwamba ombi lake limepokelewa na liko nyuma ya mengine mengi, asubiri. Asubiri! Alibonyeza kitufe cha kufuta, akabonyeza tena, printa ikaendelea na cheti cha mtoto. Akashika swichi ya ukutani.

"Ukizima, unaunganisha upya," alisema mkewe.

Aliondoa mkono kwenye swichi. Hakuwa na la kufanya ila kusimama kwenye foleni ya sebuleni kwake, amevaa koti, nyuma ya mwanamke mwenye rufaa ya hospitali, akihesabu karatasi zinavyopungua kwenye trei. Mama mkwe alikuwa amekwisha kujiteua kuita majina. Alisoma kila karatasi kwa miwani iliyopinda, na kila aliyeitwa alipigiwa vigelegele. Haikuwahi kuonekana idara ya serikali inayofanya kazi vizuri namna ile.

Saa kumi kasoro kidogo, zamu ya Mkurugenzi ilikuwa imebakiza mtu mmoja. Katika trei zilibaki karatasi mbili, ya mtu huyo na yake. Alikuwa anapumua sasa. Alikuwa hata ameshatoa kalamu.

Ndipo akaingia binti mmoja mwenye kizibao cha kijani, kile kile ambacho Mkurugenzi alikichagulia rangi mwenyewe, cha Kikosi cha Kuzuia Uchapaji Haramu.

"Shikamoo, mzee. Samahani kwa usumbufu. Tumepokea taarifa kutoka kwa Naibu Mkurugenzi kwamba hapa panaendeshwa steshenari ya siri."

"Binti, unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua sana, mzee. Wewe ndiye uliyetufundisha. Ulisema tusimwonee mtu haya." Akatoa simu. "Hati ya mashitaka ninayo humu. Ila kwa mujibu wa Waraka, lazima ichapwe nyumbani kwa mtuhumiwa. Ngoja nijaribu."

"Haitakubali," alisema Mkurugenzi, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa na matumaini. "Printa hii ina matatizo makubwa ya kuunganika. Tangu saa sita…"

Printa ikanguruma mara moja tu. Hati za Kikosi zina kipaumbele, ndivyo Waraka unavyotaka, kwa hiyo haikupanga foleni, haikuuliza nywila, haikusahau kitu. Ilimruka hata yule mwenye zamu. Hati ikatoka safi, wino mweusi ti, na jina la kosa kwa herufi nene.

Yule aliyekuwa mbele ya Mkurugenzi akapata karatasi iliyofuata, akashukuru, akaondoka. Kisha kioo kikaandika kwamba karatasi zimekwisha.

"Karatasi!" Mkurugenzi alimgeukia mkewe. "Nenda kanunue karatasi!"

"Steshenari gani?" mkewe akauliza.

Watu waliokuwa mlangoni walitazama chini, kwa heshima. Kinyozi alijikohoza. Mama mkwe, ambaye moyo wake ulikuwa mwema, alimsogezea mkwe kiti.

"Saini hapa chini, mzee," alisema binti, "kuonyesha kwamba umeipokea. Na uandike saa."

Kalamu alikuwa nayo mkononi. Akasaini. Akaandika saa kumi kamili. Binti akaipiga picha ile hati, akaituma wizarani, akamwamkia tena kwa adabu na kuaga. Hakuwa amefika hata getini, simu ya Mkurugenzi ikatoa mlio. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa Katibu Mkuu mpya: "Imepokelewa ndani ya muda. Ahsante kwa ushirikiano."