Sauti Yangu Pande Zote Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Nimeduwaa. Mama ameingia chumbani bila hodi, kanikuta ndani ya kabati la nguo na maiki mkononi, na hakushangaa hata kidogo. Alitafuta sketi yake, akaipata, kisha akatoa tangazo. Nisipopata kitu kwenye mashindano ya Jumamosi, Jumatatu naenda kwa mjomba kupiga randa. Mimi! Ngurumo! Mtu mwenye mistari mia mbili kichwani nikachonge miguu ya vitanda!

Mashindano yenyewe ni mepesi. Kila kundi linapeleka wimbo uliorekodiwa nyumbani, unapigwa kwenye spika za ukumbi wa vijana, jaji anachagua sauti moja. Mwenye sauti hiyo anapewa siku nzima katika studio ya kweli. Basi sina wasiwasi.

Labda mmoja. Wimbo wetu una sauti mbili, na ya pili ni ya Mpole, mtoto wa shangazi. Anachana mistari kama mgonjwa anayemuuliza daktari majibu. Lakini mdundo ni wake na kompyuta ni yake, kwa hiyo nampenda sana.

Jumanne, 4 Juni

Tumerekodi. Mimi kwanza, kabatini, friji imezimwa, dada yangu mdogo kakatazwa hata kukohoa. Ilipofika zamu ya Mpole nikamnong'oneza mama kwamba mwenye lile gauni la kijani kapita kuliulizia. Uongo mtupu. Mama akakaa kwenye cherehani chumba cha pili. Tatata, tatata, ubeti mzima! Yote imeingia kwenye maiki. Mpole hakulalamika, alisema tu kwamba mama ana bidii.

Moyo ulitaka kunisuta. Nikaunyamazisha.

Jumatano, 5 Juni

Mpole kaniachia kompyuta nimiksi. Maskini! Ombi lake ni moja: sauti zisielee juu ya mdundo kama mafuta juu ya maji, wala zisizame. Ziende pamoja. Nikamwambia aondoe shaka.

Alipotoka tu, nikaishusha sauti yake mpaka akawa kama jirani nyuma ya ukuta. Yangu nikaipandisha. Mdundo ukazama. Nikaupandisha mdundo, nikazama mimi. Nikajipandisha tena. Kufika saa kumi jioni taa zote za programu nyekundu, na wimbo unakwaruza kama sufuria iliyoungua. Kumbe kupanda kuna mwisho! Miaka yote hii hakuna aliyeniambia.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeokoka! Fundi mmoja kwenye video anaonyesha jinsi ya kuipanua sauti bila kuipandisha. Unatoa nakala. Moja unaipeleka sikio la kulia, nyingine la kushoto, halafu ile ya kushoto unaigeuza kichwa chini miguu juu kwa kubonyeza kitufe kimoja tu. Hapo akasema lakini uwe mwangalifu sana, na bando langu likaisha. Haidhuru. Cha maana nilishakipata.

Nikavaa hedifoni. Niko kulia, niko kushoto, niko nyuma ya kisogo changu! Mdundo umekaa katikati kwa adabu na mimi nimeuzunguka. Machozi yalinitoka, na sioni aibu kuyaandika.

Ijumaa, 7 Juni

Dada kausikiliza wimbo kwenye simu yake, ile yenye spika moja tu. Akaniuliza, kaka, mbona humo? Nikamweleza kwamba simu ya bei chee haiwezi kubeba sauti nzito. Akasema Mpole mbona inambeba. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako! Nimeupeleka wimbo ukumbini kabla hajautia nuksi.

Jumamosi, 8 Juni

Siamini.

Ukumbi ulijaa. Mama mstari wa mbele kwa nguo yake ya sherehe, mjomba pembeni yake, penseli ya useremala sikioni. Sheria ni kusimama jukwaani wimbo wako ukipigwa. Mdundo ukaanza. Nikainua mkono juu kuupokea ubeti wangu. Ukafika ubeti wangu. Hakuna mtu! Mdundo mtupu, mistari kumi na sita! Nilibaki mkono juu kama anayesimamisha gari, na gari halina habari naye.

Kisha akaja Mpole na kisauti chake. Nyuma yake, jamani, cherehani cha mama! Tatata, tatata, kimekaa juu ya mdundo sawasawa. Ukumbi ulilipuka. Jaji akasimama. Akasifu ujasiri wa kuacha ubeti mzima wazi ili watu wapate hamu. Akauliza nani kabuni mlio ule. Mama akanyoosha mkono! Kapigiwa makofi!

Siku ya studio kapewa Mpole.

Nilimkabili fundi mitambo. Akanieleza huku anakunja nyaya. Spika za ukumbini hazina kulia wala kushoto, zinajumlisha pande mbili kuwa kitu kimoja. Nakala yangu moja ilisukuma, ya pili ikavuta kwa nguvu ile ile, kama watu wawili kwenye mlango mmoja, na mlango haukwenda popote. Nimejifuta mwenyewe, anasema. Nikamuuliza nani kamhonga.

Jumapili, 9 Juni

Mpole kaja. Anataka twende studio pamoja, eti bila mimi wimbo usingekuwepo. Butwaa la leo limezidi la jana. Mtu hagawi kitu kizuri hivyo bila ajenda! Nimekataa kwa heshima. Hata hivyo kaniachia kompyuta. Alipoondoka nililia, kwa sababu nilitaka kwenda.

Jumatatu, 10 Juni

Karakana. Vumbi la mbao hadi masikioni. Saa nne mjomba akaniita, nikajua ni kufukuzwa. Kumbe anataka tangazo! Vitanda kumi na viwili vimekaa tangu mwaka jana, na kesho asubuhi gari litazunguka mitaa yote na kipaza sauti kimoja juu ya paa. Akasema yaliyopita si ndwele, na kwamba ananiamini.

Nimeandika mistari minane mikali kuhusu vitanda. Nakala moja kulia, nyingine kushoto, ya kushoto kichwa chini. Kwenye hedifoni niko kila mahali. Dada ameomba aijaribu kwenye simu yake, nimemfungia mlango. Tatizo la Jumamosi nimeshalielewa: ni ukumbi. Kuta zilizikutanisha pande mbili kwa nguvu. Gari linapita barabarani, na barabarani hakuna kuta.

Mjomba kauliza kama nitasikika mpaka mtaa wa pili. Nimemwambia hata wa tatu.