Breki za Nyuma na Zamu ya Jumamosi

Jumatatu, 8 Aprili

Gari limefeli ukaguzi. Sishangai. Nimechoka tu.

Msichana wa ukaguzi, ambaye nadhani alizaliwa mwaka nilionunua suti yangu ya mwisho, aliniita chini ya gari na kumulika diski za nyuma kwa tochi. Kutu tupu! Akaniuliza kama naendesha taratibu. Nikajibu kwa fahari kwamba naendesha taratibu na kwa adabu. Akasema hilo ndilo tatizo, breki za nyuma zisipofanyishwa kazi zinakufa kwa uvivu. Na hendibreki je, huwa naivuta? Wakati wa baridi! Nani katika mji huu wa Varkaus, wenye barafu namna hii, anavuta hendibreki mwezi wa Januari, igande hapo hadi Pasaka? Mimi huegesha gari kwenye gia tangu nipate leseni. Akaandika jambo refu kwenye karatasi yake.

Muda wangu wa ukaguzi unaisha Ijumaa. Baada ya hapo gari halitoki kwenye maegesho. Nimepiga simu gereji. Wiki tatu! Mji mzima unabadilisha tairi za baridi na mafundi hawana nafasi ya kupumua.

Basi nitafanya mwenyewe. Nimetazama video ya dakika tisa. Jamaa alimaliza kila kitu na mikono yake bado safi. Mke wangu Marjukka aliuliza ninajua nini kuhusu breki. Nikamkumbusha miaka yangu thelathini na minne kwenye kiwanda cha karatasi. Akanikumbusha kwamba nilikuwa stoo, upande wa glavu.

Jumanne, 9 Aprili

Diski mpya na pedi mpya ziko mezani jikoni. Marjukka anakula kiamsha kinywa kando yake bila kuzitazama.

Kuna kikwazo. Sheria za jengo letu zinakataza matengenezo ya magari uani. Lakini kubadilisha tairi ni ruksa! Kwa hiyo mbele za watu mimi ninabadilisha tairi. Niliweka tairi za kiangazi kando ya gari, zionekane vizuri. Ujanja wa hali ya juu.

Mwenyekiti wa kamati ya jengo ni Kalervo Hyttinen. Dirisha la jikoni kwake linatazama maegesho, na yeye hutazama kutoka hapo mchana kutwa. Baada ya saa mbili alishuka. Akauliza kwa upole kwa nini tairi moja inanichukua asubuhi nzima. Nikasema nati ni kaidi. Akatazama nyundo mkononi mwangu, akatazama diski kuukuu iliyokataa kutoka, akarudi ndani. Diski ilitoka kwenye pigo la arobaini. Kutu ilijaa kikombe changu cha kahawa. Nikainywa hivyo hivyo.

Kalervo hanipendi, na sababu ni sauna. Sauna ya jengo, chumba cha kuogea kwa mvuke, iko chini, kila nyumba ina saa yake moja kwa wiki. Jumamosi saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ya wafalme, na ni yetu. Ilikuwa ya mama yake Marjukka tangu jengo lifunguliwe, kisha ikawa ya Marjukka. Kalervo ana Jumanne saa kumi, wakati mawe ya jiko hayajapata hata moto. Amekuwa akisubiri Jumamosi miaka kumi na moja. Kwenye ngazi hunisalimu kwa kuniuliza kama mvuke ulikuwa mzuri.

Jumatano, 10 Aprili

Pistoni. Neno hili sitaki kulisikia tena.

Pedi mpya ni nene, kwa hiyo pistoni, ile inayozisukuma, lazima irudi ndani. Kwenye video ilirudi. Yangu haikurudi. Nilichukua jiriwa yangu ya mkono ya useremala na kukaza. Nikakaza tena. Nikaweka bomba kwenye mpini na kuning'inia. Jiriwa ikavunjika, nami nikakaa kwenye dimbwi la maji ya theluji.

Juu dirisha lilifunguka. Kalervo akasema, kwa sauti ya kusikika hadi ngazi ya C, mwisho wa jengo, “Jirani, hiyo haisukumwi! Inazungushwa! Hendibreki iko humo ndani, ndiyo maana.” Akaeleza kwamba inazungushwa huku ikibanwa, na kwamba kuna kifaa maalumu cha kazi hiyo. Anacho. Kipo ndani ya kisanduku, kila kipande na shimo lake. Nikamshukuru, nikasema nabadilisha tairi tu.

Nimejaribu koleo. Nimechuna vidole vitatu.

Alhamisi, 11 Aprili

Gari liko juu ya jeki, limekosa gurudumu moja. Mvua ya barafu. Marjukka amerudi na basi akiwa na mifuko ya maduka, akapita kando yangu, akasema, “Endelea tu, mzee, usinijali.” Hicho ndicho kilichonivunja.

Nikapanda kwa Kalervo. Akanikaribisha kahawa na mkate mtamu wa hiliki, dalili mbaya. Kifaa atanipa, na macho yake yatakuwa yamefumba kuhusu sheria za jengo. Yeye anataka zamu yetu ya sauna ya Jumamosi. Nikauliza, Jumamosi moja? Akacheka. Jumamosi zote.

Nikasema ni lazima nifikirie. Nikafikiria kwa muda wa kikombe kimoja. Halafu wazo likanijia! Zamu imeandikwa jina la Marjukka. Nikitia sahihi mimi, haina nguvu. Kifaa nitakuwa nimeshakitumia, na Kalervo atabaki na karatasi. Nikatia sahihi kwenye orodha ya zamu, iliyobandikwa mlangoni pa chumba cha kufulia.

Pistoni ya kwanza iliingia kwa dakika nne. Nne! Kalervo alinionyesha huku akiimba puani. Kufikia jioni pande zote mbili zilikuwa na diski zinazong'aa. Nilimwambia Marjukka kwamba nimeshinda. Akauliza nimemshinda nani. Nikasema pistoni.

Ijumaa, 12 Aprili

Kuna jambo moja video ililitaja katika dakika ya nane, nilipokuwa nachemsha viazi. Kabla ya kuondoka, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Sikukanyaga.

Gari lilirudi nyuma kwa mwendo wa kigari cha mtoto. Nikakanyaga breki, mguu ukazama hadi sakafuni. Nikasimamishwa na nguzo za kutundikia mazulia, pale uani, ambako Tyyne, mke wa Kalervo, alikuwa anakung'uta zulia lake refu. Hakuumia. Alilipiga paa la gari kwa kile kipigio chake mara mbili, kisha akauliza nani aliniruhusu kugusa breki. Nikamtaja mumewe. Nikataja kifaa. Kwa kuchanganyikiwa nikataja na Jumamosi. Tyyne akashusha kipigio. Hakuwa na habari yoyote.

Nilikanyaga pedali hadi ikawa ngumu, nikaenda. Ukaguzi nimepita! Yule msichana alisema breki zote mbili zinashika sawasawa, kazi safi, fundi gani? Sijasifiwa hivyo tangu nistaafu. Akaniambia nivute hendibreki kila siku, hata kwenye baridi. Nikakubali kwa mdomo.

Kalervo amekataa kurudisha zamu. Nilimweleza kuhusu jina na sahihi. Akanionyesha kipengele cha sheria za jengo: mtu yeyote wa nyumba husika anaweza kuhamisha zamu. Kipengele hicho amekiandika yeye mwenyewe.

Jumamosi, 13 Aprili

Mpango wa mwisho: Marjukka asiwe nyumbani saa kumi na mbili. Saa kumi na moja na nusu nikapendekeza tutoke, tujaribu breki, tule samaki mahali fulani karibu na ziwa. Kosa. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa sijawahi kupendekeza kitu Jumamosi jioni. Akachukua ndoo yake na taulo, akashuka.

Nilisimama kwenye ngazi. Ndara za Kalervo zilikuwa nje ya mlango wa sauna, zimepangwa vizuri, na ndani maji yalikuwa yanachachatika kwenye mawe.

Marjukka hakupiga kelele. Bora angepiga. Aliketi kwenye benchi la ukumbi akiwa na joho lake la kuogea, ndoo mapajani. Akasema kwamba mama yake alioga hapa kwa mara ya mwisho Jumamosi, saa kumi na mbili, kabla ya kupelekwa hospitali, na yeye ndiye aliyemsugua mgongo. Hawakuongea chochote cha maana siku hiyo. Waliongea kuhusu viazi. Kila Jumamosi akikaa kwenye lile benchi la juu anaikumbuka siku hiyo. “Na wewe Ensio umeitoa kwa sababu ya breki.”

Sikujua. Miaka yote nilidhani anapenda joto tu. Niliona aibu kiasi kwamba nilishindwa kupanda ngazi. Nilikaa pale karibu na mlango wa kufulia hadi Kalervo alipotoka, mwekundu na mwenye furaha, akaniuliza kama nasubiri mtu.

Jumapili, 14 Aprili

Nilipika uji, haukuliwa.

Saa sita mchana Marjukka alikwenda kwa Tyyne. Alikaa huko saa mbili nzima. Aliporudi alinipa taarifa huku amesimama. Wanawake wameelewana. Jumamosi saa kumi na mbili sasa ni ya Marjukka na Tyyne, wote wawili, pamoja, na orodha imeshaandikwa upya kwa wino. Tyyne pia alikuwa na maneno yake kwa Kalervo, nasikia hayakuwa mafupi. Sisi wanaume tumepewa Jumanne saa kumi.

Nikauliza kama amenisamehe. Akasema hajafika huko bado.

Jumanne, 16 Aprili

Sauna na Kalervo. Benchi la juu lilikuwa vuguvugu. Tulikaa uchi, kila mmoja kwenye kona yake, tukitazama jiko. Alimwaga maji kwenye mawe. Mawe hayakusema kitu.

Baada ya robo saa alisema amesikia breki zangu za mbele zikilia kila nikiingia uani. Nikasema najua. Nimekuwa nikifikiria. Marjukka hawezi kuivumilia ile sauti, na kama ataamka siku moja akute gari linasimama kimya kabisa, moyo wake utalainika. Itakuwa zawadi. Mume anayetubu kwa mikono yake mwenyewe! Kalervo akasema safari hii atanisaidia tangu mwanzo, saa mbili tu na kila kitu kimekwisha.

Anachotaka ni kidogo. Ile nafasi ya kuegesha iliyo karibu kabisa na mlango, yenye nguzo ya umeme wa kupashia injini joto wakati wa baridi, ambayo Marjukka aliipata kwa sababu ya goti lake. Nilikataa. Nikamwaga maji. Nikafikiria vizuri zaidi. Theluji haiji hadi Novemba. Miezi saba! Kufikia wakati huo Marjukka atakuwa amenisamehe, na nitamweleza taratibu.

Tukapeana mikono. Yake ilikuwa baridi.